Maswali ya Ukoo: Siku Saba Luxembourg

Alhamisi, 5 Juni 2025

Kabla sijaondoka Unguja nilinunua daftari dogo la shule, nikaandika humo maswali yote niliyopewa. Kila aliyesikia kwamba nakwenda kumtembelea binti wa dada yangu alikuwa na lake. Jirani: mabasi ya huko ni bure kweli, na kama ni bure, nani analipa? Mjomba: nchi yenyewe ina ukubwa gani, na wanasema lugha gani? Kijana wetu aliyemaliza chuo mwaka juzi: mtu akifika kwa viza ya matembezi anaweza kutafuta kazi hukohuko? Shangazi: wanakula nini, na halali inapatikana? Dada yangu, mama wa binti, hakuuliza kitu. Alinifungia achari ya embe kwenye chupa, akazungushia mifuko mitatu ya nailoni, akasema, "Mwambie asiile yote siku moja."

Nimetua Findel, uwanja wa ndege wa Luxembourg, saa nane mchana baada ya kubadili ndege Istanbul. Binti alikuwa ananingoja mlangoni. "Shikamoo, mama mdogo," akasema, na kabla sijamaliza "marahaba" alikuwa ameshanikumbatia. Miaka minne sijamtia machoni.

Swali la jirani lilijibiwa kabla sijatoka uwanjani. Tramu inasimama mlangoni kabisa, na njia hii ya mpaka uwanja wa ndege imefunguliwa Machi mwaka huu. Tukapanda na masanduku yetu, hakuna kondakta wala mashine ya tiketi. Tangu 29 Februari 2020 nchi hii imefuta nauli za mabasi, tramu na treni, kwa mwenyeji na mgeni sawasawa, nayo ndiyo ya kwanza duniani kufanya hivyo nchi nzima. Anayetaka daraja la kwanza kwenye treni ndiye analipa. Gharama inabebwa na kodi, maana hata zamani nauli zilikuwa zinafidia sehemu ndogo tu ya matumizi. Lakini barabara zimejaa magari vilevile, kwa kuwa wafanyakazi wengi wanatoka nchi jirani na wengi wao huja na magari yao.

Tramu ilipita Kirchberg, kwenye majumba marefu ya vioo ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na benki za kila namna, ikavuka bonde refu juu ya daraja jekundu mpaka stesheni kuu. Tukapanda treni ya kusini hadi Esch-sur-Alzette, anakoishi. Saa tatu usiku jua lilikuwa bado linawaka dirishani. Nikaswali Magharibi karibu na saa nne, wakati ambao kwetu watoto wameshalala.

Ijumaa, 6 Juni

Idi kubwa. Hapa si siku ya mapumziko, kwa hiyo binti aliomba ruhusa ya asubuhi tu, na zamu yake ya kazi ikaanza saa nane. Tuliswali kwenye ukumbi uliojaa mpaka kwenye ngazi. Waislamu wengi wa nchi hii walitoka Bosnia na nchi nyingine za Yugoslavia ya zamani, na bibi mmoja Mbosnia aliyevaa kilemba cheupe alinishika mikono miwili, akanitakia Idi njema kwa maneno ambayo sikuyaelewa ila "Bajram". Nikamjibu "Idi mubarak", akatikisa kichwa kwa furaha. Nyama tulinunua bucha ya halali hapahapa Esch. Shangazi asiwe na wasiwasi.

Jioni aliporudi kazini tulikula pilau, na hapo nikamfungulia swali la lugha, nikidhani litaisha kwa sentensi moja. Lilituweka mezani mpaka saa sita.

Lugha za kiserikali ni tatu: Kiluxembourg, Kifaransa na Kijerumani. Sheria zinaandikwa kwa Kifaransa. Kwa miaka mingi watoto wamekuwa wakifundishwa kusoma na kuandika kwa Kijerumani, halafu Kifaransa kinafuata. Nyumbani na uwanjani wenyeji wanasema Kiluxembourg, lugha iliyotambuliwa kisheria kuwa ya taifa mwaka 1984 tu. Dukani Esch utasikia Kireno kila mahali, kwa sababu Wareno ndio kundi kubwa kuliko yote la wageni, na watu wa Cape Verde nao ni wengi. Muuzaji anakupima kwa jicho, anaanza kwa Kifaransa, akiona umekwama anahama. Sisi watu wa bandarini tunaijua tabia hiyo.

Binti anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alikuja hapa akitokea Ujerumani, alikosomea uuguzi, akiamini Kijerumani kinatosha. Wiki ya kwanza alipangiwa bibi mmoja ambaye maishani mwake alikuwa amesema lugha tatu, lakini ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwondolea Kifaransa, kisha Kijerumani, akabaki na ile ya mama yake peke yake. "Alikuwa ananiomba maji, mama mdogo, na mimi simwelewi." Akaanza masomo ya jioni mwezi uleule.

Akanisimulia jambo ambalo wazee wale hawalisahau hata wakisahau mengine. Mwaka 1941 Wanazi waliokuwa wameikalia nchi walitayarisha sensa yenye maswali juu ya uraia, lugha ya mama na kabila, wakitaka watu wajiandike Wajerumani. Wapinzani wakapitisha ujumbe kwa siri: jibuni "Kiluxembourg" mara tatu. Wakubwa walipoona majibu ya awali yanavyokuja, sensa wakaifuta. Nchi ndogo ilipigania neno moja, tena kwenye karatasi ya mkoloni wake.

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Nililala nikiwaza: huyu binti akizeeka huku, akasahau kila kitu, ataomba maji kwa lugha gani, na nani atakuwepo wa kumwelewa?

Jumamosi, 7 Juni

Tumeshinda mjini. Kwa mjomba: nchi ina kilomita za mraba 2,586, yaani Unguja na Pemba ukiziunganisha zinakaribia kabisa ukubwa huo. Watu wake ni kiasi cha 682,000, wakati sisi visiwani sensa ya 2022 ilituhesabu kukaribia milioni 1.9. Na karibu nusu ya hao 682,000 si raia. Kila siku ya kazi huongezeka wengine zaidi ya laki mbili wanaovuka mpaka kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, wanafanya kazi, jioni wanarudi kwao.

Mji mkuu umekaa juu ya majabali, mto uko chini kabisa, na wenyeji wanapanda na kushuka kwa lifti ya vioo iliyopachikwa kwenye ukingo wa bonde la Pfaffenthal. Tukaingia kwenye mapango ya Bock, njia za chini kwa chini zilizochimbwa na wanajeshi wa mataifa mbalimbali karne kwa karne. Kwa mkataba wa 1867 uliosainiwa London ngome ya mji huu ikabidi ivunjwe, lakini mapango hayakuweza kuvunjwa yote bila kuangusha mji ulio juu yake, kwa hiyo kilomita kumi na saba zimebaki. Baridi humo ni ya sweta hata mwezi wa Juni. Nje tukanunua chapati za viazi zilizokaangwa, *Gromperekichelcher*, viazi vilivyoparuzwa na vitunguu na majani. Bila nyama, hivyo nikala kwa raha, na nikatamani pilipili.

Lakini swali lililonichukua siku nzima halikuwamo kwenye daftari. Hakuna mtu nyumbani aliyefikiria kuuliza: mtu analala wapi?

Binti alipopata kazi hapa hakupata nyumba. Alikaa Trier, upande wa Ujerumani, miaka miwili, anaamka saa kumi alfajiri kuwahi treni ya karibu saa moja. Kutoka kazini mpaka Wasserbillig mpakani ni bure, kutoka hapo mpaka Trier analipia. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi mpakani, na hata sasa akienda Trier kutembea, siku nyingine polisi wanapopita kwenye behewa la watu themanini, pasipoti ya kwanza kuombwa ni yake. Alilisema hili kwa sauti ya kawaida. Mimi lilinichoma.

Alipoanza kutafuta chumba upande huu, mawakala walitaka mkataba wa kazi usio na kikomo na hati za mshahara za miezi mitatu, na mwenye nyumba mmoja alitaka mshahara uwe mara tatu ya kodi. Sheria mpya ya 2024 imepunguza kidogo: dhamana haizidi kodi ya miezi miwili, na ada ya wakala mpangaji anagawana na mwenye nyumba nusu kwa nusu. Hata hivyo chumba kimoja, kwenye nyumba anayoshirikiana na dada mmoja wa Cape Verde, kinamgharimu euro 900 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kwa asiye na ujuzi ni zaidi ya euro 2,700 kabla ya makato, na ukilitaja hilo Unguja watu wanaruka. Walitajie na lile la chumba, na bima, na mkate, na koti la baridi, halafu waone kinachobaki cha kutuma nyumbani. Mwanamke huyu anatuma kila mwezi, na sisi tunapokea kama maji ya bomba.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Maduka mengi yamefungwa. Tulipanda treni ya kaskazini, kama saa moja kupitia misitu na vijito, mpaka Clervaux. Ndani ya kasri jeupe mna maonyesho ya picha 503 kutoka nchi 68, zilizokusanywa na Edward Steichen, mzaliwa wa kijiji cha Bivange aliyekulia Marekani. Zilionyeshwa kwanza New York mwaka 1955, na tangu 1994 makao yake ni hapa. Ni picha za watu wakizaliwa, wakicheza, wakilima, wakizika. Binti alikaa kwenye benchi mbele ya kina mama na watoto wao kwa muda mrefu, nami sikumharakisha.

Jumatatu, 9 Juni

Jumatatu ya Pentekoste, mapumziko nchi nzima, mvua, hatukutoka. Nikamrekodia kijana wetu jibu lake la sauti, na naliandika hapa kwa ajili ya wengine wenye swali lilelile.

Mwanangu, viza ya Schengen, hii ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ni ya matembezi. Nimelipa euro 90, nimepeleka taarifa za benki, barua ya kazini, bima ya afya inayofika angalau euro 30,000, na karatasi ya mwenyeji aliyenialika. Nimepewa siku chache, na hata aliyepewa nyingi hapiti siku 90 ndani ya kila siku 180. Kwa viza hiyo hufanyi kazi. Anayekuja kufanya kazi mambo yake yanaanzia akiwa bado kwao: mwajiri anatangaza nafasi kwenye idara ya ajira ya serikali na kupata cheti kwamba anaweza kuajiri mtu wa nje, kisha mwombaji anapata kibali cha kukaa kwa muda, na kwa kibali hicho ndipo anaomba viza ya muda mrefu. Akifika ana siku tatu za kazi za kujiandikisha manispaa, anapimwa afya, kifua kikuu kikiwamo, ndipo anatolewa kadi. Mtu anayekuambia umtumie fedha akutafutie kazi ukishafika, mkatae. Njia aliyopita dada yako ni ya kusoma ufundi wa uuguzi Ujerumani, akilipwa posho wakati anasoma, lakini kwanza alikaa mwaka mzima hapo mjini Unguja anajifunza Kijerumani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwona anapita na vitabu vyake, nikidhani ni mapenzi ya lugha tu.

Chupa ya achari imebaki nusu.

Jumanne, 10 Juni

Echternach, mji mdogo ukingoni mwa mto Sûre, ng'ambo ni Ujerumani. Kila Jumanne baada ya Pentekoste hufanyika hapa maandamano ya kurukaruka kwa heshima ya Mtakatifu Willibrord, mmisionari aliyeanzisha monasteri ya mji huu mwaka 698. UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Binti aliniuliza mara mbili kama nitajisikia vibaya kuhudhuria jambo la kanisa. Nikamwambia mimi nimekulia karibu na kanisa la Mkunazini, kengele zake nazijua kuliko saa yangu.

Tulisimama kwenye kona ya barabara. Kwanza ulisikika muziki, wimbo mmoja mfupi unaorudiwa bila kukoma, bendi moja ikiupokea kutoka nyingine. Wakaja watu kwa safu, wanne au watano, mashati meupe, kila mmoja ameshika ncha ya kitambaa cheupe ambacho ncha ya pili iko kwa jirani yake. Hatua kushoto, hatua kulia, wanasogea mbele polepole. Walikuwamo watoto wa shule, wazee waliotoka jasho, na kina mama wenye mimba. Saa nzima, kisha nyingine, wimbo uleule, mpaka kila kundi linashuka kwenye kaburi la mtakatifu chini ya kanisa kuu. Kanisa lenyewe lililipuliwa mwishoni mwa 1944, wakalijenga upya likafunguliwa tena mwaka 1953.

Nilikumbuka zefe la maulidi, na zaidi nikakumbuka Maulidi ya Homu, ile safu ya kanzu nyeupe inayoinama na kuinuka kama wimbi moja. Sisemi ni kitu kimoja, dini ni mbili na nia ni mbili. Lakini mwili niliutambua. Miguu yangu ilikuwa inacheza ndani ya viatu, na nilipomtazama binti nikakuta naye bega lake linakwenda.

Mzee mmoja aliyesimama karibu alimsemesha, yeye akamjibu kwa Kiluxembourg. Mzee akageuka mwili mzima kumtazama. Mpaka hapo alikuwa mwanamke wa kigeni aliyesimama kando ya barabara. Tangu hapo akawa mtu wa kuelezwa: babu yake aliruka wapi, mwaka gani ilinyesha mvua ya mawe. Nimeliona likitokea kwa macho yangu, kwa sentensi moja ya binti yetu.

Jumatano, 11 Juni

Kesho narudi. Nilikuwa nimeomba siku ya mwisho iwe ya Schengen, nikielewa vizuri kwamba hakuna kikubwa cha kuona. Ni kijiji cha mizabibu, kanisa, gati, mto Moselle mpana unaokwenda taratibu. Hapa, ndani ya meli *Princesse Marie-Astrid*, tarehe 14 Juni 1985, nchi tano, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi, zilikubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao. Mahali palichaguliwa kwa kuwa Ufaransa, Ujerumani na Luxembourg zinakutana hapa. Jumamosi ijayo mkataba unatimiza miaka arobaini na maandalizi yalikuwa yamepamba moto.

Nilitoa pasipoti nikafungua ukurasa wa viza. Jina la kijiji hiki limesababisha watu wangapi kwetu kuuza kiwanja, kulia ubalozini, kuoa, kuachika? Na hapa palikuwa na bata majini na mzee anavua samaki.

Tukatembea juu ya daraja mpaka Perl, Ujerumani, tukarudi. Mto wenyewe haukugawanywa katikati. Tangu mkataba wa 1816 maji haya ni mali ya nchi zote mbili, ukingo hadi ukingo. Binti ndiye aliyenieleza, katikati ya daraja, halafu akanyamaza, na nikajua linakuja lile ambalo mama yake hakuliuliza.

Baada ya miaka mitano ya kukaa kihalali mtu anaweza kuomba uraia wa Luxembourg, akifaulu mtihani wa kusema na kusikiliza Kiluxembourg. Yeye mwakani atatimiza. Luxembourg imeruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu 2009. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Akichukua huu, ule unakwenda.

"Mama anadhani sijui anachotaka kuuliza," akasema. "Kila nikipiga simu ananiuliza kama nimekula."

"Na unamjibu nini?"

"Kwamba nimekula."

Sikumpa ushauri. Nilitaka kumpa, mimi ni mwalimu, lakini nimekaa kwake siku saba tu na yeye ameamka saa kumi alfajiri miaka miwili. Nikamuuliza tu kama nimweleze dada au nimwachie mwenyewe. Akafikiri mpaka basi likatokea kwenye kona ya mizabibu.

"Mwambie tulikuja hapa," akasema. "Mwambie mto ni mzuri. Hayo mengine nitamwambia Desemba, nikija."

Dereva alifungua mlango. Akamsalimia "Moien", dereva akaitika "Moien", nami nyuma yake, nikipanda na daftari langu mkononi, nikasema vilevile.